Kulipa Mbele ya Tribinali

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi hapa mbele, na ninyi mliobanana kule mlangoni, hata na wale walioletwa na mvua tu, si na Neno. Wote karibuni. Mwinjilisti wetu ameniomba nisiwe mrefu. Nitajaribu. Lakini yeye mwenyewe anajua kwamba zamani mimi sikuweza kutamka neno mbele ya watu, kwa hiyo leo akiniona nasema sana, amshukuru Mungu pamoja nami.

Jina langu ni Rakeli, mke wa Papa Yosia, wa hapa hapa Kalembe. Nimesimama kuwaeleza jinsi Bwana alivyonitoa kifungoni. Buloko ya Masisi, yaani gereza la kule, imo katika habari hii, tena imo sana, lakini kifungo ninachosema mimi ni hofu.

Nilikuwa mtu wa hofu, ndugu zangu! Nyumbani mdomo wangu ulikuwa haufungwi, muulizeni Papa Yosia. Lakini nikitoka nje ya ua, ulimi unakauka. Nikiona kofia nyekundu ya polisi juu ya kilima, hata kama anakuja kwa mtu mwingine, najificha nyuma ya nyumba. Niliogopa biro zenye makarani, niliogopa makaratasi, niliogopa Leta, yaani serikali kama tunavyoiita. Mara nyingi niliacha kuuza mawese yangu sokoni kwa sababu tu polisi amesimama karibu na mahali pangu.

Na ndani ya nyumba kulikuwa na hofu nyingine. Juu ya meko ulining'inia mfuko wa ngozi aliouacha baba mkwe, wenye vitu vyake vya uwindaji. Sisi wawili tulikuwa tumebatizwa, lakini mfuko ule haukubatizwa. Kila mara Papa Yosia alipokwenda kuchimba shimo la nyama aliushusha, akaunong'onezea maneno ya baba yake, akaurudisha. Jumapili tunaimba pamoja nanyi, Jumatatu mfuko unashuka. Mimi nilipofagia masizi niliuzunguka, sikuugusa. Nilikuwa namwogopa Mungu, na nilikuwa nauogopa mfuko, na sikujua ni nani kati yao ninayemwogopa zaidi.

Sasa sikilizeni shida ilivyoanza. Nguruwe wa porini walikuwa wanatumalizia mihogo. Nyumba yetu iko upande wa Walikale, lakini shamba letu la juu liko upande wa Masisi. Mpaka unapita baina ya jiko langu na mihogo yangu. Papa Yosia akachimba shimo pembeni mwa shamba lile, akasimika ndani miti iliyochongwa, akafunika juu kwa majani. Alikuwa mwindaji hodari, na shimo lake hata mimi mwenyewe nisingeliona.

Kiangazi, watu wa ng'ombe hushuka kutoka milimani kutafuta majani mabichi. Mwaka ule alishuka Papa Efraimu wa Muheto na ng'ombe wake wachache. Asubuhi moja tukasikia mlio kutoka shambani ambao haukuwa wa nguruwe. Tulipofika, ng'ombe alikuwa shimoni, bado anapumua. Alikuwa na mimba. Papa Efraimu alikuja mbio, akashuka humo kati ya miti ile, akamshika kichwa hadi akafa. Hakututukana. Alitoka na matope mpaka kifuani, akamtazama mume wangu, akauliza swali moja tu.

"Unajua watoto yangu banakunywa nini?"

Nalisikia swali lile mpaka leo.

Kesi ikaenda Masisi, kwa sababu shimo lilikuwa upande wa Masisi. Bwana wa tribinali alisikiliza, akauliza, akaandika, akasema maneno yake kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Kisha polisi aliyekuwa akigeuza maneno akatuambia kwa kifupi. Maneno yale nayakumbuka yote, maana Papa Yosia na mimi tuliyarudia njia nzima tusiyapoteze.

"Yosia, sikiliza muzuri. Buloko yako iko, miezi ilishaandikwa. Lakini Bwana anakupatia sirisi, njo kusema buloko inalala. Usichimbe tena shimo pa njia ya ngombe. Ulipe mwenye ngombe. Nyuma ya mavuno ya maharagi tutakuita tena. Na lamande ya Leta, ulipe mbele ya tribinali. Ukikosa moja, buloko inaamuka."

Basi, ndugu zangu, naona wengine mmeanza kucheka. Mmekwisha kuelewa. Sisi hatukuelewa! Neno nyuma tulilisikia vizuri: nyuma ya mavuno, yaani mavuno yakiisha. Neno mbele tukalisikia vibaya. Polisi alikuwa anasema lamande, ile faini ya Leta, ilipwe kabla tribinali haijakaa. Sisi tukasikia kwamba lamande ilipwe mbele ya macho ya tribinali, wazee wote wamekaa, watu wote wanatazama.

Na msitucheke sana, kwa maana ninyi pia mngesikia hivyo. Hapa kwetu ni nani analipa kitu peke yake dirishani? Mahari hulipwa mbele ya watu. Mbuzi wa kumaliza ugomvi huletwa uwanjani, watu wanamtazama miguu na meno, mwenye kupokea anasema nimepokea, kila mtu anasikia, hakuna atakayekana kesho. Kulipa kwa siri ni kwa mtu mwenye jambo la kuficha. Papa Yosia alisema, "Leta hata yeye anajua adabu. Anataka tulipe mbele ya bantu." Nikafurahi. Kwa mara ya kwanza niliona Leta inafanana kidogo na sisi.

Tukaanza na Papa Efraimu. Tulimpelekea mbuzi wetu, na kwa sababu mbuzi hawakutosha, Papa Yosia akapanda Muheto akamjengea zizi jipya, kazi ya majuma mengi. Huko ndiko walikozoeana. Mmoja mtu wa pori, mwingine mtu wa ng'ombe. Mmoja hanywi maziwa, mwingine hali nyama ya porini. Walikula viazi pamoja.

Kisha tukatafuta lamande. Nilisuka mikeka mpaka vidole vikapasuka. Tuliuza mawese, tuliuza nyama ya kukausha, na nilitia kila kilichopatikana ndani ya kibuyu, nikakiziba mdomo kwa nta. Kabla hata maharagwe hayajatoa maua, lamande ilikuwa imetimia! Mnaelewa, ndugu zangu? Ilikuwa imetimia, iko ndani ya nyumba, na sisi tumeikalia tukingoja siku ya kuitwa. Njia ya kwenda Masisi ilikuwa wazi kila siku.

Maharagwe yakavunwa, polisi akaja. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba, kama kawaida yangu. Akampa Papa Yosia karatasi, akamwambia kwamba siku ya kwanza ya juma lijalo, yaani Jumatatu, tribinali itaangalia sirisi yake. Papa Yosia akamshukuru sana, akamkaribisha ndizi. Polisi alimwangalia kwa mshangao, nadhani hakuwahi kuona mtu anaitwa kwenda kuhukumiwa akatabasamu hivyo. Alikula ndizi zake akaenda. Nami nikatoka mafichoni nikaanza kufua shati la mume wangu la kwenda kulipia.

Tuliwaacha watoto kwa dada yangu, tukapanda. Shabaha yetu ilikuwa kufika Muheto Ijumaa, tupumzike, tusali Jumapili na ndugu wa kule, halafu baada ya ibada tuendelee polepole mpaka Masisi tulale, ili Jumatatu asubuhi tuwe mbele ya tribinali na kibuyu chetu. Nilibeba hata jogoo. Jogoo huyo alikuwa wa kusherehekea!

Tulifika kwa Papa Efraimu jioni, saa ya kukamua. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, kibuyu cha maziwa magotini. Alitusalimu bila kuacha kukamua, akatuuliza habari za safari, habari za watoto, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Na lamande, mulishalipa siku gani?"

"Bado," akajibu Papa Yosia kwa furaha. "Tunailipa siku ya kwanza, mbele ya tribinali."

Mikono ya Papa Efraimu ikasimama.

"Mbele gani?"

"Mbele ya Bwana. Mbele ya bantu yote. Polisi alisema hivyo."

Akainuka taratibu, akaweka kibuyu cha maziwa chini. Papa Efraimu alikuwa akipeleka siagi Masisi mara kwa mara, kwa watu wa posta na wa biro, na watu wale aliwazoea pamoja na maneno yao.

"Papa Yosia," akasema, "mbele ya tribinali, maana yake mbele tribinali haiyakaa. Lamande banalipa kwa kalani, pa dirisha. Tribinali ya siku ya kwanza si ya kupokea feza. Iko ya kuuliza juu ya nini haukulipa. Inakuja kuamusha buloko."

Ndugu zangu, sina maneno ya kueleza hali niliyoingia. Jogoo alianguka kutoka mkononi mwangu, akakimbia, hakuna aliyemfuata. Nilimwona mume wangu amefungwa kamba kiunoni, anavunja mawe barabarani. Nilimkumbuka jirani yetu mmoja aliyerudi kutoka buloko na kikohozi ambacho hakikupona. Niliona watoto wangu.

Papa Yosia akauliza kama hatuwezi kulipa Jumatatu asubuhi na mapema. Papa Efraimu akatikisa kichwa. Tribinali inaanza kukaa bendera ikipanda, na dirisha hufunguliwa baadaye. Jumapili halifunguliwi kabisa. Ilibaki Jumamosi, na Jumamosi dirisha hufungwa jua likifika utosini. Kutoka Muheto mpaka Masisi ni mwendo wa kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, tena wa mtu asiyebeba mzigo.

Ndipo Papa Yosia akaingiza mkono kikapuni, akatoa ule mfuko wa ngozi. Alikuwa ameuchukua bila kuniambia! Alisema alitaka tu mdomo wa Bwana wa tribinali uwe laini. Sasa akasema atashuka usiku uleule aingie pori kubwa la Walikale, ambako hata Leta haimtafuti mtu, na mfuko utamlinda kama ulivyomlinda baba yake. Mimi nilikaa chini kwenye majani. Sikuwa na nguvu ya kumkubalia wala ya kumkatalia.

Papa Efraimu hakugombana naye juu ya mfuko. Alisema kwanza tule. Tukaingia, mke wake akatupa viazi, na kabla ya kula akasema tuombe. Nilifumba macho nikitegemea maombi ya kawaida ya chakula. Aliomba hivi, na ninayarudia kama alivyoyasema.

"Bwana Mungu, huyu Yosia njo aliua ngombe yangu. Weye unajua, ile ngombe ilikuwa yangu, na mbele ya kuwa yangu ilikuwa yako. Mi nilishamuachilia. Kesho umufungulie dirisha. Usiache watoto yake bakose kintu ya kukunywa. Amina."

Basi! Hakuongeza kitu. Akachukua kiazi akaanza kumenya.

Lakini mimi, ndugu zangu, kitu kilinishuka. Nasema kweli mbele ya Mungu, kilishuka kuanzia kichwani mpaka miguuni, na nikavuta pumzi ndefu. Mtu tuliyemwulia ng'ombe wake mwenye mimba anawaombea watoto wetu! Nilifikiri: ikiwa huyu ametuachilia, mimi naogopa nini tena? Kama Mungu anafanana na mtu huyu hata kidogo tu, basi miaka yote nimemwogopa mtu nisiyemjua. Nililia sana jioni ile, na haikuwa kwa ajili ya buloko.

Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Yosia, kesho tunaenda dirishani. Ukitaka pori, utaniacha njiani, mimi nitafika na kibuyu." Akanishangaa. Nami nilijishangaa.

Tukaondoka jogoo wa kwanza, na nina hakika alikuwa jogoo wetu anawika kutoka juu ya zizi. Papa Efraimu alikuwa ametangulia, amebeba siagi yake ya kuuza, imefungwa kwa majani ya migomba. Mvua ya milimani ilitunyeshea. Udongo uliteleza, tulishuka mahali pengine kwa kukaa. Mahali fulani njia hugawanyika, moja inaendelea Masisi, nyingine inateremka mpaka kwenye misitu ya upande wetu. Pale Papa Yosia akasimama.

"Rakeli, mi narudia," akasema.

Niligeuka. Papa Efraimu hakugeuka, aliendelea kutembea, ila alisema kwa sauti.

"Rudia. Na watoto yako, baba akikuwa pori, banakunywa nini?"

Lilikuwa swali lile la shimoni. Papa Yosia alisimama kidogo mvuani. Kisha nikasikia miguu yake nyuma yangu, ikitufuata mpaka Masisi.

Tulipofika biro mvua ilikuwa imekwisha, jua limetoka, tena liko juu kabisa. Nikaona karani amekwisha kushika ubao wa dirisha anauvuta. Papa Yosia aliona, akavua kofia yake akasimama, kwa maana ndiyo adabu tuliyofundishwa. Papa Efraimu alikuwa amebaki nyuma na mzigo. Na pale uwanjani, kati yangu na dirisha, alisimama polisi wa kofia nyekundu!

Ndugu zangu, nilimpita. Mimi Rakeli nilimpita mbio, nikaweka kikapu changu juu ya kizingiti cha dirisha ubao usifunge, nikasema. Nilisema! Sauti ilitoka kubwa mpaka watu wa posta wakachungulia.

"Papa kalani, usifunge! Siye tuko na lamande!"

"Mama, saa ilishafika. Rudia siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza njo tribinali. Tunapashwa kulipa mbele."

Akatazama kikapu, akanitazama mimi nilivyolowa matope. Akauachia ubao. "Leta basi ile feza," akasema, akakaa tena kwenye kiti chake.

Nikavunja ile nta, nikamimina. Akahesabu, akasema lamande imetimia. Aleluya! Halafu akafungua karatasi nyingine, akasema imebaki garama ya tribinali. Tulikuwa hatujawahi kusikia juu ya garama. Labda polisi alisema kwa Kifaransa, labda alisema kwa Kiswahili nasi tukawa tunarudiarudia yale mengine. Kibuyu kilikuwa kitupu. Nilikitikisa mbele ya karani kama mwendawazimu, nikitumaini kitu kimenata kwenye nta.

Papa Efraimu akasogea. Alimuuliza karani kama watu wa biro bado wanataka siagi ya Jumamosi hii. Karani akasema wanataka, wamekuwa wakimngoja. Papa Efraimu akafungua majani ya migomba, akauza siagi yake yote palepale uwanjani, na kilichopatikana akakiweka dirishani.

"Na hii niandike jina ya nani?" akauliza karani.

"Andika Yosia," akasema.

"Si ni weye unalipa?"

"Andika Yosia tu."

Mume wangu alikuwa bado ameshika kofia yake. Alitazama mikono ya yule mzee, iliyokuwa inang'aa kwa mafuta ya siagi, akaanza kulia pale mbele ya polisi, mbele ya watu wa posta, bila kujifuta. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijamwona akilia. Mtu aliyepoteza ng'ombe alikuwa amemaliza deni la mtu aliyemuua ng'ombe, na jina lake hakulitaka liandikwe. Mkombozi wetu nilimsikia tangu nikiwa msichana katika mafundisho ya ubatizo. Siku ile nilimwelewa, kwenye kizingiti cha dirisha la Masisi, nimeshika kibuyu kitupu.

Jumatatu tukaingia tribinalini. Bwana akauliza kama lamande imelipwa, karani akasema imelipwa yote na garama yake. Bwana akauliza kwa nini Yosia alichelewa hivyo. Papa Yosia akajibu kwa unyofu kwamba alikuwa anangoja kulipa mbele ya macho yake, ili watu waone kwamba hakuiba kitu cha Leta. Polisi wa kugeuza maneno alianza kugeuza, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Ilimbidi Bwana angoje. Alipoelezwa, hakucheka, lakini alikohoa. Akasema buloko iendelee kulala, na miezi yake ikipita bila shimo lingine itakuwa imekufa. Nimesikia kwamba tangu siku hiyo polisi yule huwaambia watu, "Ulipe kwa dirisha, tena leo."

Tulirudi nyumbani, na kazi ya kwanza ya Papa Yosia ilikuwa kulifukia shimo lile la shamba la juu. Nilimbebea udongo. Kabla halijajaa alikwenda kwenye kikapu, akautoa mfuko wa baba yake, akaushika muda mrefu. Sikumhimiza, kwa maana ulikuwa wa baba yake, na alimpenda baba yake. Kisha akaulaza chini shimoni kwa heshima, akaendelea kufukia. Mihogo inayoota pale sasa ni mizuri. Nguruwe wanaila bado, nami nawafukuza kwa sauti.

Papa Efraimu tulimpelekea mbuzi mwingine kwa ajili ya siagi yake. Tulimpeleka Jumapili, mbele ya kanisa lote la Muheto, ili mara hii tuwe tumelipa mbele ya watu kweli. Alimpokea, kwa kuwa kumkataa kungetuaibisha, akasema nimepokea, kila mtu akasikia. Halafu akamchinja palepale na kanisa zima likala, yeye mwenyewe akachukua shingo tu. Leo amekuja Kalembe kutusalimu, yule pale kwenye benchi la kwanza. Aliniambia asubuhi nisimtaje. Papa, nisamehe, dirisha lile lilinifungua mdomo na sijajua bado jinsi ya kuufunga.

Basi ninamaliza, mwinjilisti, naona unavyonitazama. Ndugu zangu, wengi wetu tunaishi jinsi Papa Yosia na mimi tulivyoishi mwaka ule. Tunajua kuna siku ya kuitwa. Tunakusanya kidogo kidogo ndani ya kibuyu, sala kidogo, sadaka kidogo, wema kidogo, tukisema siku hiyo nitavimimina mbele ya Mungu wote waone. Na kibuyu tunakiona kimejaa! Hatujui kwamba kuna garama ambayo hatukuisikia. Hatujui kwamba siku ile haitakuwa ya kulipa.

Lakini Yeye tuliyemkosea amelipa mbele. Amelipa kabla hatujaitwa, na amelipa mbele ya macho ya watu wote, juu ya msalaba, mchana. Kwa Bwana, neno lile lina maana zote mbili, na hakuna polisi anayehitajika kuligeuza. Na alipoulizwa aandike jina la nani, alitoa lako.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu, ambaye buloko yake ililala mpaka ikafa usingizini. Namshukuru kwa ajili ya hofu yangu iliyobaki kule Muheto pamoja na jogoo wangu. Na wewe uliye mlangoni, unayeona mvua imepungua na unataka kuondoka, ngoja kidogo. Kwako leo bado ni Jumamosi asubuhi, na karani ameshika ubao lakini hajauvuta. Njoo mikono mitupu, lakini usingoje Jumatatu. Amina!